Wale wa Safu ya Nyuma

Leo naomba tuzungumze juu ya watu ambao umewatazama maisha yako yote na pengine humjui hata mmoja wao kwa jina. Bendi imepanda jukwaani. Mwimbaji yuko mbele, kipaza sauti mkononi, suti inameremeta. Nyuma yake wamejipanga vijana sita au wanane, nguo sare, viatu vya rangi moja, wanageuka pamoja, wanainama pamoja, jasho linawatiririka. Wimbo ukiisha, anayeshangiliwa ni mwimbaji. Akibaki na pumzi atamtaja mpiga gita la solo. Wale wengine wanakwenda nyuma kubadili nguo.

Upo mchezo mmoja wa jukwaani, wa kuimba na kucheza, uliotungwa New York juu ya watu wa namna hiyo. Unaitwa A Chorus Line. Uliingia Broadway Julai 1975 katika ukumbi wa Shubert, na haukushuka mpaka Aprili 1990, baada ya kuonyeshwa mara 6,137. Wakati huo hapakuwa na mchezo mwingine pale Broadway uliowahi kukaa muda mrefu kiasi hicho, na rekodi yake ilisimama mpaka 1997. Tuzo ulizoa nyingi: Tony 9 kwa mpigo mwaka 1976, na juu yake Pulitzer. Umechezwa nchi nyingi, kwa lugha nyingi, na hata leo shule na vikundi vidogo duniani vinaupanga. Sababu inayotajwa sana ni kwamba unahusu ndoto ya umaarufu. Mimi siiamini sababu hiyo, na nitakueleza kwa nini.

Kisa chenyewe ni chepesi. Jukwaa ni tupu. Nyuma kuna vioo, mbele kuna mstari mweupe uliochorwa sakafuni, basi. Zimetangazwa nafasi za wachezaji katika onyesho jipya na vijana wamefurika. Baada ya mchujo wa kwanza wanabaki 17. Mwongozaji, jina lake Zach, anawapanga kwenye ule mstari, kisha anaondoka kwenda kukaa nyuma ya ukumbi, gizani, na tangu hapo anasikika kuliko anavyoonekana. Anawaambia anataka 8 tu, wanawake 4 na wanaume 4. Halafu anawaomba jambo wasilolitarajia: kila mmoja aeleze habari zake. Ulicheza wapi na lini, hayo yameandikwa kwenye karatasi, hana haja nayo. Anataka kujua wao ni nani, wamezaliwa wapi, wazazi wao walikuwaje, ilikuwaje wakaanza kucheza.

Ukikaa Bujumbura huhitaji kufafanuliwa zaidi. Nani kati yetu hajawahi kusimama mbele ya meza ya namna hiyo? Umebeba diploma ndani ya bahasha ya kaki, shati umelipiga pasi usiku wa manane kwa sababu ndipo umeme uliporudi, nafasi ni mbili na nje ya lango kuna umati. Unaingia, unaulizwa maswali ambayo hayahusiani na kazi, nawe unajibu, kwa sababu aliyekaa upande wa pili wa meza ndiye mwenye kalamu. Hawa vijana wa New York wako papo hapo. Kinachoombwa katika mchezo huu ni kibarua cha safu ya nyuma, mahali ambapo mtazamaji hatakujua. Umaarufu uko mbali na wao wenyewe wanalijua hilo. Tena tukumbuke mwaka wenyewe: 1975 jiji la New York lilikuwa ukingoni mwa kufilisika, wafanyakazi wa jiji wakiachishwa kazi kwa maelfu. Waliokaa vitini pale Shubert walikuwa na sababu zao za kutetemeka kila Zach alipofungua kinywa.

Sasa sikiliza jinsi ulivyotungwa, maana hapo pana utamu na pana uchungu. Usiku mmoja wa Januari 1974, kikundi cha wachezaji wa Broadway kilikutana katika chumba cha mazoezi ya viungo. Aliyewaongoza alikuwa Michael Bennett, naye mwenyewe mchezaji aliyepanda akawa mpangaji wa dansi. Walicheza kwanza, kisha wakaketi chini, kinasa sauti katikati, wakaanza kusimulia maisha yao. Wakaendelea mpaka kulipokucha. Kutoka kwenye kanda hizo ndipo maneno ya mchezo yalipochotwa. James Kirkwood na Nicholas Dante wakaandika masimulizi, Marvin Hamlisch akatunga muziki, Edward Kleban mashairi, na Joseph Papp wa Public Theater akatoa mahali pa kufanyia majaribio kwa miezi mingi. Baadhi ya waliosimulia usiku ule walipanda jukwaani kucheza nafasi zilizotokana na maisha yao. Wengine walikuta kisa chao kapewa mtu mwingine.

Na malipo? Kila mmoja alitia sahihi karatasi akauza simulizi la maisha yake kwa dola 1. Moja. Mchezo ulipogeuka mgodi, Bennett aliwapangia fungu dogo la mapato, hilo tumpe haki yake. Lakini ulipofufuliwa Broadway mwaka 2006, fungu hilo halikuwafuata, na ilibidi wadai mpaka mwaka 2008 ndipo wakapatana na wasimamizi wa mirathi yake. Bennett alikuwa amefariki tangu 1987, kwa UKIMWI, akiwa na umri wa miaka 44.

Nicholas Dante nitamtaja tena, kwa kuwa moyo wa mchezo ni wake. Alikuwa mchezaji, mwana wa Wapuerto Rico, na simulizi la kijana aitwaye Paul ni la kwake mwenyewe. Paul ndiye anayekataa kusema mbele ya wenzake. Anasema baadaye, jukwaa likiwa tupu, wako wawili tu, yeye na Zach. Anaeleza jinsi alivyoanza kazi katika onyesho la wanaume wanaovaa mavazi ya kike, na jinsi wazazi wake walivyomkuta katika mavazi hayo. Haimbi, hachezi. Amesimama tu anazungumza, dakika baada ya dakika, katika mchezo uliojaa muziki. Halafu, wakiwa kwenye mazoezi, goti lake la zamani linamsaliti, anaanguka, anabebwa. Wenzake wanabaki wamesimama, na Zach anawauliza: mtafanya nini siku mtakapokuwa hamuwezi kucheza tena?

Wanabaki 16. Na hapa, msikilizaji, ndipo ninapouvulia kofia ufundi wa Bennett. Zach anaanza kuita majina. Ukisikia jina lako, piga hatua moja mbele. Wanaitwa mmoja mmoja, wanatoka, nyuso zinang'aa. Wamo Al na Kristine, mtu na mkewe, wote wawili wameitwa. Msichana mmoja, Diana, anaitwa, kisha anaambiwa hapana, samahani, rudi mstarini, na uso wake unazima kama taa ya mafuta. Mwisho wako 8 mbele na 8 nyuma. Zach anawashukuru wa mbele na kuwaambia waende nyumbani. Waliobaki nyuma ndio waliopata kazi. Wale waliokwisha kuanza kufurahi mbele ya macho yetu ndio walionyimwa, na Diana aliyedhani amefukuzwa ameokoka. Nimeuona mwisho huo zaidi ya mara moja kwenye kanda, nikijua kinachokuja, na bado tumbo hunikata.

Baada ya hapo giza kidogo, na wanarudi. Wote, hata waliofukuzwa, wamevaa kofia ndefu na suti za rangi ya dhahabu zinazofanana kila uzi, wanarusha miguu kwa pamoja mbele ya vioo. Ukumbi unasimama kushangilia. Lakini jaribu kumtafuta Cassie, ambaye nitamweleza punde, katika safu ile. Jaribu kumtafuta Diana. Kwa saa mbili umejifunza jina la kila mmoja na kisa chake, sasa huwezi kuwatofautisha. Taa zinafifia wangali wanarusha miguu. Tunapiga makofi kwa nguvu zetu zote wakati watu 17 wanapotea. Hicho ndicho kinachoufanya mchezo huu usichakae. Unakupa watu, unakufanya uwapende, kisha unakuonyesha mshahara wa kupata kazi waliyoiomba. Anayeondoka pale anaimba tu, heri yake. Wengi wanaondoka na kitu kimewakwama kooni.

Cassie mwenyewe alikuwa amewahi kukaribia kuwa nyota. Alikuwa mpenzi wa Zach, akaenda California kutafuta sinema, mambo yakamgomea, amerudi anaomba nafasi ya nyuma kama wasichana wa miaka ishirini. Zach anamwambia wewe ni mkubwa mno kwa safu hii. Naye anajibu kwa kucheza, peke yake, vioo vikimrudisha mara nyingi. Inasimuliwa kwamba katika maonyesho ya mwanzo kabisa Cassie hakuchaguliwa, na watazamaji wakatoka na uchungu uliopita kiasi. Bennett akabadilisha. Sijui kama ningebadilisha.

Filamu yake ya 1985 ya Richard Attenborough, yule aliyetoa Gandhi, naweza kuipitia haraka. Haiwezi kutulia mahali pamoja. Inatoka nje ya ukumbi, inamfuata Cassie katika kumbukumbu zake, inasahau ule mstari. Ukitaka kuujua mchezo huu, usianzie hapo.

Haya, tuje nyumbani. Sisi Warundi tuna safu yetu, tena ya zamani kuliko Broadway. Wakati wa wafalme, ngoma zilikuwa za mwami, na watunza ngoma walikuwa wa koo maalumu; pale Gishora, karibu na Gitega, kituo alichokianzisha mwami Mwezi Gisabo kingalipo mpaka leo. Ufalme ulifutwa Novemba 1966 lakini ngoma hazikunyamaza, na mwaka 2014 UNESCO ikaiandika dansi hii ya ngoma ya kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Umeiona, lakini hebu iangalie tena kwa jicho la leo. Wanaingia wakiwa wamejitwika ngoma vichwani, kila moja imekaa juu ya kata, mikono inapiga juu bila macho kuangalia, wanaimba wanatembea. Ngoma ni gogo la umuvugangoma lililochongwa na kuvikwa ngozi ya ng'ombe, siyo kikapu cha mboga. Wanazishusha zinakaa nusu duara, idadi yake haigawanyiki kwa mbili. Katikati inasimama inkiranya. Ngoma za amashakwe zinashikilia mdundo mmoja usiokatika, hazipumziki, na ibishikizo zinafuata inachosema inkiranya. Kisha mmoja anatoka safuni. Anakuja mbele na mirisho miwili, zile fimbo za kupigia, mikononi, anatamba, anajisifu, anaruka magoti yakigusa kifua, anaipiga inkiranya na safu yote inamfuata yeye. Kwa muda ule yeye ndiye mwenye ngoma. Akimaliza anarudi mahali pake na mwingine anatoka.

Ndipo nilipoona tofauti. Kwa Zach, kupiga hatua mbele ni kufukuzwa. Kwetu, kupiga hatua mbele ni zamu, na kila mtu anayo. Mzee mwenye kitambi anakuja, kijana wa miaka kumi na mitano anakuja, hakuna anayekaa gizani kuchagua. Safu inakupokea ukirudi kwa sababu nawe utaishikilia mwenzako akiwa mbele. Nadhani hata kilichowashika wageni ni hicho zaidi ya kelele. Mwaka 1982 wapiga ngoma wa Burundi walisimama kwenye tamasha la kwanza la WOMAD kule Shepton Mallet, Uingereza, pamoja na vikundi vya muziki wa roki, na watu waliokwenda kwa ajili ya magita walirudi nyumbani wanazungumza ngoma.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Tukitoka kwenye dansi tukaingia kwenye pesa, mambo yanafanana kuliko tungependa. Ngoma zetu zilirekodiwa kijijini mwaka 1967 na Wafaransa, zikatolewa kwenye sahani ya lebo ya Ocora. Mwaka 1971 mdundo huo ukachukuliwa, ukapakwa piano na magita juu yake, ukauzwa Ulaya kwa jina la Burundi Black. Mwaka uleule wa 1975, A Chorus Line ikiwa ndiyo kwanza imeingia Shubert, Joni Mitchell wa Kanada alitoa wimbo The Jungle Line umesimama juu ya ngoma zilezile. Ilipofika 1980 vijana wa London, Adam and the Ants, walipanda chati na mdundo waliojifunza huko. Aliyecheza mbele yao kwenye dansi alimjua Adam. Wale waliopiga, wanaume wa kijijini waliosimama nusu duara siku ile mbele ya kipaza sauti cha mgeni, hakuna mtu London aliyejua hata jina la mmoja. Wachezaji wa New York angalau waliiona dola 1.

Na hapa nchini? Amri ya rais ya Oktoba 2017 ilisema vikundi vyote vijiandikishe wizarani, sherehe zisizo za serikali ziombe kibali na zilipe faranga 500,000 kwenye hazina, na kwamba kupiga ngoma hizi ni kazi ya wanaume. Nia iliyotajwa ilikuwa kulinda urithi. Vilikuwapo wakati huo vikundi vya wasichana vilivyokwisha kujifunza, na vijana wa mitaani waliokuwa wakila kwa kupiga kwenye harusi. Kwao, hatua ya kuja mbele ilianza kuwa na bei.

Upande wa bendi, hali ni ileile ya Broadway. Kutoka hapa Bujumbura ukitazama ziwa usiku unaziona taa za Kongo, na muziki wa Kongo umekuwa wetu tangu zamani. Kila kabare ina wimbo wa Tabu Ley ambao mhudumu anaujua kwa moyo. Tabu Ley alipokwenda Olympia ya Paris mwaka 1970 alikwenda na wasichana wake wa kucheza, Rocherettes. Taja mmoja. Mbilia Bel alianza nyuma ya mwimbaji Abeti, akiitikia na kucheza, mpaka Tabu Ley alipomchukua mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tshala Muana, aliyefariki Desemba 2022, alianza kama mchezaji katika kikundi cha M'Pongo Love. Hao tunawajua, lakini angalia walivyotoka: walitoka kwa kuimba. Mguu peke yake haukumtoa mtu. Watanzania ndio waliojaribu kitu kingine. Bendi ya Twanga Pepeta ilipotamba, mashabiki wa Dar es Salaam walikuwa wakienda ukumbini kwa ajili ya wanenguaji, wakiwataja kwa majina, Aisha Madinda, Super Nyamwela, kama wanavyotaja wachezaji wa Simba na Yanga. Aisha alipofariki mwaka 2014 magazeti yaliandika. Mnenguaji kuandikwa tanzia gazetini, hilo mimi nalihesabu kuwa ni hatua.

Turudi New York kidogo. Katika safu ya awali ya A Chorus Line alikuwamo Baayork Lee, mwanamke mfupi sana, aliyeingia Broadway akiwa mtoto mdogo mwaka 1951. Yeye ndiye aliyeibeba dansi ya Bennett kichwani. Kwa miongo mingi amezunguka nchi na nchi akiwafundisha vijana hatua kwa hatua, bega hili, kisigino kile, na kila safu mpya inayosimama ina mkono wake. Mlezi wa ngoma wa Gishora angemwelewa bila mkalimani.

Basi nimekuwa nikiwaza, vijana wetu wa maigizo hapa mjini, ambao wana kiu na hawana pesa, wangeweza kutunga cha kwao kwa njia ileile. Si kunakili cha Wamarekani, ambacho kina wenyewe na mikataba yake. Wakae usiku kucha na simu moja ya kurekodi, wacheza dansi wa bendi, wapiga ngoma, wasichana wa harusi, waseme maisha yao kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kama tunavyovichanganya kila siku. Na mkataba waandike kabla ya kuanza kusimulia. Gharama ya jukwaa ni ndogo: chaki ya kuchora mstari, vioo ukivipata. Watu 17 ni rahisi, tangaza tu asubuhi kwamba kuna kazi ya kucheza, kabla ya adhuhuri foleni itakuwa imezunguka mtaa. Kazi itakuwa kumpata yule wa kukaa gizani nyuma ya ukumbi, awaite wanane waje mbele na nyuso zao zinazong'aa, awaambie asanteni. Mimi msinitafute.